Katlesi Tano kwa Watu Sita

Mjomba alitia tonge la kwanza kinywani saa tatu na dakika sita usiku. Nina uhakika na dakika hizo kwa sababu nilikuwa nikichungulia simu chini ya meza kama mwanafunzi mtukutu. Oda yetu ilichukuliwa saa mbili na dakika kumi na mbili. Hapo katikati zilipita dakika 54, zikatua mezani sahani nane, na mtu mkubwa kuliko sisi sote, aliyepanda treni ya asubuhi kutoka Voi kuja kumpongeza dada yake kwa kustaafu ualimu, alikuwa amekula kipande kimoja cha mkate na kunywa glasi mbili za maji.

Chakula chenyewe kilikuwa kizuri. Hilo naliweka mbele kabisa, maana mtu akianza kusimulia mkasa wa mkahawani watu hutega masikio wasikie habari za unywele kwenye mchuzi au weita mwenye kiburi. Unywele haukuwepo. Weita alikuwa kijana wa adabu zake. Bili haikuwa na ujanja. Hata hivyo tulitoka pale Mama akiwa amekumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, ishara tuliyoizoea tangu utotoni kwamba kuna jambo limemkera na hatalisema. Mimi nimehudumia meza kwenye hoteli za pwani miaka tisa, na siku hizi nawafundisha vijana kazi hiyo hiyo hapa Nairobi, kwa hiyo usiku ule usingizi ulinipaa. Nilitaka kujua kamba ilikatikia wapi hasa.

Mahali penyewe ni bistro moja ya Kilimani, kwenye nyumba ya zamani isiyo na ghorofa, moja ya zile zilizokuwa na bustani kubwa na banda la gari, ambayo sasa imezingirwa na majengo ya fleti pande tatu. Kuta za ndani zimebomolewa ukawa ukumbi mmoja. Sakafu ni saruji iliyosuguliwa ikang'aa, dari ni bati na mbao zilizoachwa wazi, na jiko halina ukuta: unamwona mpishi akipuliza makaa. Menyu imeandikwa kwa chaki ubaoni. Nje kuna baraza yenye majiko ya makaa kando ya meza, maana ilikuwa Julai, na Julai ya Nairobi haina utani na mtu wa Voi.

Mdogo wangu ndiye aliyepachagua. Anaishi mtaa wa nyuma na hupita hapo karibu kila wiki. Wahudumu wanamjua kwa jina. Anapapenda kwa sababu pamechangamka, na kweli pamechangamka. Ijumaa usiku watu wanasimama mlangoni wakisubiri meza, wengine na glasi mkononi, wanasalimiana kama wako kwenye harusi ya jirani. Hii ndiyo maana ya bistro tangu huko Ufaransa lilikotoka neno hili: mkahawa mdogo wa mtaa, bei isiyotisha, chakula cha kueleweka, kelele za kawaida. Upishi wa Ulaya ya kisasa, kama ulivyoandikwa pale ubaoni, ni mtoto wa juzi. London ilishuhudia mikahawa mitatu ya aina hii ikifunguliwa mwaka mmoja, 1987: Bibendum, Kensington Place na River Café. Paris mwaka 1992 Yves Camdeborde, mpishi aliyelelewa kwenye majiko ya hoteli kubwa, alifungua La Régalade, akaanza kupika kwa ustadi wa hoteli hizo katika chumba cha kawaida kwa bei ya kawaida. Kilichoondolewa katika safari hiyo ni vitambaa vyeupe vya meza, uma wa tatu, weita mwenye glavu, na baadaye mpangilio wa mlo, yaani kipi kije kabla ya kipi. Wateja walishusha pumzi. Lakini ule mpangilio wa mlo ulikuwa na kazi yake, na nitaurudia.

Tulikuwa sita: Mama, Mjomba, mimi na mke wangu, binti yetu wa miaka kumi na mitatu, na huyo mdogo wangu. Weita alipofika alitazama meza, akamwona mzee mwenye kofia, akaanza na yeye: "Shikamoo mzee." Mjomba akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameshakata tamaa na vijana wa Nairobi. Lafudhi ya kijana ilikuwa ya Kilifi. Mimi nikajiambia, leo tumefika.

Kisha akatueleza utaratibu: sahani zote ni za kugawana, na kila moja italetwa jikoni ikimaliza kuiandaa. Maneno haya yanasemwa sasa katika nusu ya mikahawa mipya ya jiji hili, na yanasemwa haraka, kama yale ya kufunga mkanda kwenye ndege. Mdogo wangu akaagiza kwa niaba ya meza. Mjomba aliagiza kitu kimoja tu. Yeye ni Mwislamu, sisi wengine ni Wakristo, familia nyingi za Taita ziko hivyo na hakuna anayeona ajabu, na kwenye jiko asilolijua hukimbilia samaki, kwa kuwa samaki hahitaji kuchinjwa. Kijana alifanya vizuri hapo. Bila kuulizwa alisema pweza amepikwa na soseji ya nguruwe, na mchuzi wa kuku una mvinyo. Akapendekeza trauti wa siagi. Mjomba akaridhika, akaongeza neno moja. Neno hilo ndilo lililozua yote, lakini hatukulijua mpaka wakati wa bili.

Ya kwanza kufika ilikuwa nyama mbichi ya ng'ombe, imekatwakatwa kwa kisu ndogondogo kama nyama ya sambusa, imechanganywa na vitunguu na haradali, kiini cha yai kimekaa juu kama jua. Mama aliitazama muda mrefu. "Hii watairudisha jikoni saa ngapi?" aliuliza. Mdogo wangu akamweleza kwamba ndivyo inavyoliwa. Mama akasema haya, na akamwekea yeye yote. Kwa hilo hakuna wa kulaumiwa. Binti yangu alionja, akaomba tena, na mpaka leo ananisumbua tuipike nyumbani, nami namwambia nyama ya bucha la kawaida iliyoning'inia tangu alfajiri haifai kwa mchezo huo.

Ikafuata burata, jibini laini la Puglia lenye krimu ndani. Mjomba hali jibini.

Kisha zikaja zile zilizoandikwa ubaoni kroketi za jibini na liki. Mjomba alizitambua papo hapo: "Ah, katlesi." Si katlesi za viazi kama za Mombasa, ndani ni rojo zito la maziwa na unga, lakini kwa sura na kwa mlio wake jinoni ni katlesi, na hata yeye asiyekula jibini alisema kwa hizo atajitahidi. Mama akachukua sahani, akampelekea kaka yake kwanza, kama inavyotakiwa. Mjomba akanyoosha mkono, halafu mkono ukasimama hewani. Nilimwona akihesabu kwa macho. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akairudisha mikono kwenye mapaja na kusema, "Wape watoto."

Mtu ambaye hakulelewa hivi huenda asione lolote lililotokea hapo. Sahani imefika kwa mzee, mzee amekataa, basi. Lakini kila mtu mezani pale aliona. Mke wangu akasema yeye hana njaa kabisa. Mimi nikasema nangoja nyama. Mama akasema mafuta yanamsumbua siku hizi. Kwa nusu dakika katlesi tano zilikosa mlaji katika meza ya watu sita wenye njaa, na binti yangu, ambaye hajajifunza uongo huu wetu wa heshima, ndiye aliyechukua moja akala. Mdogo wangu akajaribu kuokoa jahazi, akaagiza sahani ya pili. Ilipokuja, hamu ilikuwa imekwisha. Mjomba akasema, "Mimi nangoja samaki wangu," na akishasema hivyo, humbembelezi. Sahani hiyo ya pili ilirudi jikoni na katlesi nne.

Sisi ndio watu wa sinia. Nimekula sinia la pilau na watu watano nisiowajua majina, kwenye harusi, bega kwa bega, na hakuna aliyetoka na kinyongo. Iweje tushindwe na sahani za kugawana, sisi ambao kugawana tumezaliwa nako?

Nimelizungusha swali hili kichwani kwa wiki kadhaa na jibu nililolipata ni kwamba wali hauhesabiki. Sinia likiwekwa chini, kila mtu ana upande wake mbele yake, na hakuna anayeweza kusema wewe umekula punje nyingi. Nyama iko katikati, na hapo ndipo penye hatari, kwa hiyo pana sheria: mkubwa huikatakata na kuisukuma upande wa wengine, mwenyeji humsogezea mgeni. Hata nyama choma inaletwa nzima kwenye ubao, inakatwa mbele yenu vipande vidogo vidogo visivyo na idadi, na kachumbari imerundikwa kando. Kilo mbili ni kilo mbili. Hujui umekula vipande vingapi na hakuna anayejua.

Katlesi tano zina idadi. Ukizipanga mstari mmoja juu ya sahani nyeupe, kwa nafasi sawa, kila moja na kitone cha mayonezi kando, umeshampa kila mtu mezani kazi ya kugawanya, na kwa tano na sita hesabu haitoki. Mzee akiwepo, atakayeumia ni mzee, kwa sababu mila inampa haki ya kuchukua kwanza, na uungwana unamtaka asiitumie.

Kwa nini tano? Hapa naongea kama mtu wa kazi. Wapishi hufundishwa kwamba vitu vitatu au vitano vinapendeza machoni kuliko vinne au sita. Na sahani hupangiwa bei kutokana na gharama ya vilivyomo, wengi wakilenga gharama hiyo isizidi kama theluthi ya bei. Mtu akikaa na karatasi yake akaona vipande vitano kwa shilingi 950 vinalipa, vitano vinaandikwa kwenye daftari la jikoni, mpishi wa zamu anavitoa vitano, awe anayekula ni mmoja au ni ukoo mzima. Sioni ubaya wa karatasi hiyo. Ila kati ya karatasi na meza yuko weita, na weita ndiye pekee anayejua meza ina vichwa vingapi. Kumwambia mteja "mko sita, hizi zinakuja tano, niongeze moja?" ni sekunde nne. Nawafundisha vijana kuliuliza hilo, na nakiri kwamba kabla ya Julai sikuwa nalifundisha.

Sasa turudi kwenye mpangilio wa mlo.

Zamani kwenye meza za wakubwa wa Ufaransa vyakula vingi viliwekwa kwa mpigo, mezani panajaa, kila mtu anajipakulia kilicho karibu naye. Ukitazama kwa jicho la pwani, hilo ni sinia tu lenye vinara vya mishumaa. Katika karne ya 19 ukaingia mtindo wa Kirusi, unaohusishwa na Alexander Kurakin, balozi wa Urusi mjini Paris, mnamo 1810: sahani moja baada ya nyingine, kila mtu anawekewa yake, wote kwa wakati mmoja. Mitindo hii miwili haifanani lakini yote miwili inamlinda mtu mmoja, naye ni yule ambaye chakula chake kinachukua muda. Kwa mtindo wa kwanza chakula chake kiko mezani na vya wenzake. Kwa wa pili, wenzake hawaletewi mpaka chake kiwe tayari.

Mtindo wa "ikiwa tayari inakuja" haumlindi mtu. Unalinda jiko. Jiko la pale ni dogo, watu wanne tu, na saa mbili na nusu Ijumaa oda zinaning'inia dirishani kama nguo za kufua. Upande wa vyakula baridi hauhitaji moto, kwa hiyo nyama mbichi na jibini hutoka ndani ya dakika kumi. Kikaango kinafuata. Makaa yanachukua muda, na steki ikishatoka motoni lazima ipumzike. Samaki hukaangwa mwisho kabisa kwa sababu hastahimili kungoja, na mtu wa samaki ndiye huyo huyo wa michuzi. Hakuna anayemkawiza mzee kwa makusudi. Kila mmoja anatoa chake kikiiva, anapiga kengele, na mezani anakaa mtu anayetazama wenzake wanavyoletewa.

Wenzake nao hawakuweza kula. Kuku alifika, akakaa. Steki ya gramu 600 ikafika imekatwa vipande vizuri, nyekundu kati, na sosi ya siagi na mayai kwenye kibakuli. Mama akasema tumngoje Mjomba. Mjomba akasema kuleni. Mama akasema tunakungoja. Baridi ya Julai ikafanya kazi yake: mafuta ya nyama yakaganda yakawa kama nta ya mshumaa, sosi ikakatika, siagi juu na maji chini. Chips tu ndizo zilizoendelea kuliwa, moja moja, kwa siri, kila mtu akijifanya hajui mkono wake unafanya nini. Na zilikuwa chips za kusafiri kuzifuata: viazi vya aina ya Shangi, kijana alisema, vimekaangwa mara mbili. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo viazi vya kuchemsha vinasumbua kidogo, lakini mafuta hupata joto lile lile hata huku juu. Nadhani peke yangu nilikula nusu sahani.

Trauti akaja saa tatu na dakika sita. Samaki huyu aliletwa Kenya mwaka 1905, akawekwa kwenye mto Gura kule Aberdare, na mito ya baridi ya milimani ikamfaa. Ni samaki mwembamba, nyama yake laini, hahitaji moto mwingi. Huyu wa Mjomba alikuwa mkavu. Ngozi imejikunja, nyama inajitenga kama uzi. Mjomba alimla wote, akaacha mifupa imepangwa upande mmoja, akasema alhamdulillahi, na alipoulizwa na kijana kama amefurahia, akasema sana.

Bili ilikuwa shilingi 23,600. Niliipitia kwa sababu ya mazoea: 20,000 za chakula na vinywaji, 3,200 za VAT ya asilimia 16, na 400 za tozo ya utalii ya asilimia 2, zote zikiwa zimeshaingizwa kwenye bei za ubaoni. Hapo hawana deni.

Nikaomba kuongea na meneja. Nilisogea kaunta ili Mama asisikie, na sikwenda kugomba, nilikwenda kuuliza kama mtu wa kazi: trauti wa meza yetu alikwama wapi? Meneja, mama wa makamo, hakujitetea. Alifungua droo akatafuta kijikaratasi cha oda yetu, tukakisoma pamoja. Mbele ya trauti palikuwa na maelezo ya ziada: aivishwe vyema.

Nilimwita mdogo wangu, nikamuuliza Mjomba alisema nini pale mwanzo. Akasema, "Alisema aje mapema."

Mapema. Vyema. Kijana aliinama kusikiliza, spika ilikuwa juu ya kichwa chake, meza ya nyuma walikuwa wanamwimbia mtu wimbo wa siku ya kuzaliwa, na mzee wa miaka sabini na minne aliyeshazoea kutosikia wengine hapazi sauti yake kwa ajili ya mtu. Kijana akasikia alichosikia, akaandika kwa uaminifu. Jikoni wakatii kwa uaminifu. Mzee aliyetaka samaki wake wa kwanza akapewa wa mwisho, na kwa kuwa maelezo yalitaka aive sana, akaongezewa muda wa moto.

Kelele za mikahawa zina tabia moja inayojulikana tangu 1911, mwaka ambao daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza: mtu akiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kukusudia. Meza moja ikipandisha, ya pili inapandisha ili isikike juu ya ya kwanza, na ukumbi wa saruji na bati na vioo unarudisha kila kitu ulichourushia. Pazia moja zito au mazulia mawili ukutani yangepunguza mengi. Lakini mapazia yanaondoa kule kuchangamka ambako watu wanakufuata, na sidhani meneja yeyote wa Kilimani atafanya hivyo. Sitamlaumu. Ninachowaambia vijana wangu ni kurudia oda kwa mteja, neno kwa neno, na kwa wazee waichuchumalie meza, uso kwa uso. Huyu wetu alirudia oda, lakini aliirudia kwa mdogo wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiagiza na ndiye anayemjua.

Nami nina sehemu yangu. Niliweka nafasi ya saa mbili, ndani, karibu na kaunta, Ijumaa, nikijua umri wa wageni wangu na nikijua ukumbi. Saa kumi na mbili na nusu pale ni kimya kama maktaba. Nilipoona dakika ya ishirini imepita na Mjomba hana kitu, nilijua la kufanya, nimelifanya mara mia nikiwa upande wa pili: unamwita weita, unasema mzee wetu hajala, naomba samaki wake atangulie. Sikumwita. Mama alikuwa amesema, "Tusiwasumbue, wana watu wengi." Na katika familia yetu Mama akisema tusiwasumbue, hatusumbui, tunaenda kulalamika garini.

Meneja alisema, "Mngetuambia mapema." Neno lile lile. Nilitamani kukasirika, lakini alikuwa na haki. Akaongeza keki mbili za jibini bila malipo, zile za juu nyeusi zilizoanzia kwenye baa ya La Viña huko San Sebastián, Uhispania, na vijiko sita. Ilikuwa fidia ya kiungwana, ila mtu alipaswa kueleza. Sahani ilipotua mbele ya Mjomba, alimtazama Mama kwa huruma ya kweli. "Wametupa iliyoungua," alisema.

Njiani kuelekea nyumbani, kama nilivyotabiri, kila mtu alikuwa na la kusema. Mke wangu alilaumu katlesi. Mdogo wangu alijilaumu mwenyewe mpaka akalia kidogo, ikabidi Mama aanze kumbembeleza, na hapo ndipo mkoba ulipoachiwa. Mjomba peke yake ndiye aliyesema kijana ana adabu na atafika mbali.

Agosti Mjomba alirudi Nairobi kupimwa macho. Jumanne mchana, bila kumwambia mtu, niliwapeleka yeye na Mama pale pale. Ukumbi ulikuwa na meza nne tu zenye watu, muziki uko chini. Kijana alikuwa zamu. Alimtambua Mjomba kabla hatujaketi, na baada ya shikamoo akasema, "Leo samaki mapema, mzee." Kumbe meneja alikuwa amemweleza. Mjomba akacheka mpaka akavua kofia.

Kijana akaanza kuandika. Akafika kwenye kroketi, akainua kichwa, akatuhesabu.

"Hizi huja tano. Mngependa ngapi?"

"Kwani huongezwa?" nikamuuliza.

"Siku zote. Moja ni 190."

Siku zote. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidi anachokinunua, na mimi hapa nilikuwa nimelipia sahani nzima ya pili kwa kukosa taarifa ya shilingi 190. Sikusema. Nilikuwa nataka kucheka zaidi ya kugomba.

Mjomba hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anapiga hesabu.

"Sisi tuko watatu," alimwambia kijana. "Ukitoa mbili, tunakulipa 570?"

Kijana akatabasamu, akadhani ni mzaha. Kisha akaona mzee bado anangoja jibu, akaweka kalamu mfukoni, akaenda jikoni kuuliza.